Kizimba cha Washonaji Wawili

4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na leo hiyo hiyo Mkuu wa idara ametukusanya kutusomea mpango mpya. Safari hii unaitwa Mpango wa Kuhuisha Mtaa. Nilikaa kiti cha nyuma, karibu na dirisha lisilofunga, nikasikiliza huku bega moja likilowa. Mwaka wa maua tulipanda maua, mbuzi wakala. Mwaka wa mapipa tuliweka mapipa ya taka ya rangi tatu, yakaishia majumbani mwa watu kuhifadhia maji, vikabaki vibao tu. Vibao nilivisimamisha mimi, na ndiyo maana mafundi wa mtaa ule wananiita Mama Vibao mpaka leo.

Mpango wenyewe hauna ugumu. Vibanda vya mabati vya mafundi vitabomolewa. Wenyewe watahamia vizimba vya matofali ambavyo tumeviona vikijengwa tangu mwaka jana, watu wawili wawili kila kizimba, na watapangwa kwa fani. Washonaji na ukanda wao, wa viatu na wao, wa saa na redio na wao ng'ambo ya mtaro. Mwisho wa mvua watakuja wageni wafadhili kuangalia, na wakiridhika watatujengea soko.

Nikauliza kama mafundi wameulizwa.

"Utawaeleza wewe," Mkuu akasema. "Wewe wamekuzoea."

Dada yangu ni mshonaji katika mtaa huo huo. Nitaanza na yeye, maana naishi naye.

5 Machi

Dada kakataa. Hakunyanyua hata uso kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchambua kwa vidole.

"Mimi siendi."

"Dada, si suala la kutaka. Kibanda kitabomolewa."

"Basi mhamisheni na fundi saa awe jirani yangu kama alivyo sasa. Mkinipa hilo nitahama hata kesho."

Kumbe ndiyo hiyo. Fundi saa ana kibanda ubavuni mwa cha dada, wametenganishwa na bati moja. Kila asubuhi namkuta ndani kwa dada, anakunywa chai ya chupa ya dada, kikombe cha dada. Mtaa mzima unamwita shemeji yangu na mimi hujifanya sisikii. Dada ni mjane, ana haki yake, sikatai. Lakini umri ule, na mtu ambaye kazi yake ni kufungua saa zisizotembea na kuzifunga zikiwa bado hazitembei? Nilimwambia sheria ni sheria, saa ni ukanda wa saa. Akaendelea kuchambua mchele.

11 Machi

Mvua. Ofisini hakuna umeme. Tumeangaliana.

13 Machi

Mkutano na mafundi, chini ya turubai. Maji yalikuwa yakijikusanya juu yetu, na kila mara mtu mmoja aliinuka na fimbo kuyasukuma, nami nikanyamaza mpaka yamwagike.

Mama Pindo, mwenyekiti wa washonaji, alisimama kuunga mkono. Ndiye mshonaji mwenye kasi kuliko wote na anajua. "Sisi tukikaa pamoja tutapendana," alisema, na washonaji wengine wakatazama chini.

Kisha fundi saa akanyoosha mkono. Mtu mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, ile lenzi yake ya jicho inaning'inia shingoni kwa uzi.

"Naomba kujua, afisa. Mtu akitaka kubaki na jirani yake?"

Wakacheka wote. Mmoja akasema, "Mpeni shemeji yetu haki yake!" Dada aliketi, macho mbele. Nikajibu kwa kusoma kwenye karatasi: fani moja, ukanda mmoja. Akasema, "Nimeelewa, afisa," akakaa. Nilijisikia nimeshinda. Sijui nilishinda nini.

20 Machi

Wiki nzima nimefanya majaribio ya fani. Kuna waliotaka vizimba bila kuwa mafundi, kwa hiyo kila mwombaji lazima afanye kazi yake mbele ya afisa. Washonaji wanakunja pindo, wa viatu wanabandika soli. Nimetazama pindo mpaka nikifumba macho naona pindo. Dada nilimpitisha bila jaribio, mji mzima unajua kazi yake. Kavae chochote alichoshona miaka kumi, utachoka wewe kabla ya mshono.

28 Machi

Vibanda vimebomolewa. Dada hakulia. Alichofanya ni kumwomba fundi saa amng'olee misumari iliyokuwa ukutani, aliyokuwa akitundikia mabunda ya nyuzi, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wake. Akaifunga kwenye kitambaa. Nikamwambia kule kuna rafu, tena kupigilia misumari ni marufuku, kibao nimekiweka mwenyewe.

"Bila shaka umekiweka," akasema.

2 Aprili

Siku ya kwanza vizimbani. Dada amepewa cha pembeni, pamoja na binti mmoja anayeshona magauni ya watoto. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Dada anatembea ndani humo kwa kuupapasa ukuta kama anayetafuta swichi ya taa. Nyuzi amezipanga kwenye rafu, akazigusa zote toka mwanzo hadi mwisho. Akaanza tena.

4 Aprili

Nimemkuta fundi saa kizimbani kwa dada kabla hata majirani hawajafungua. Kavuka mtaro, suruali kaikunja magotini, viatu mkononi. Alikuwa ameinama kwenye mashine ya dada, lenzi jichoni, na dada kasimama karibu yake mno. Mama Pindo alikuwa akifungua cha jirani na akanikonyeza. Nilipata aibu, na aibu ikawa hasira.

"Fundi, ukanda wako ni ule kule."

Alijinyoosha, akaitazama mashine, akamtazama dada, akanitazama mimi.

"Naam, afisa."

Akashika viatu vyake akaondoka. 

9 Aprili

Yule binti wa magauni ya watoto amerudisha ufunguo, mumewe amehamishwa kikazi. Dada yuko peke yake kizimbani. Fundi saa hajavuka tena.

Mvua.

12 Aprili

Asubuhi nimemkuta dada barazani, kashika sindano ya mashine, kaielekeza juu kwenye mwanga, kaigusa kwa ulimi, kaielekeza tena. Nikamuuliza kama imeingia kutu. Akasema ndiyo. Nikaenda kazini.

17 Aprili

Mkuu anataka picha za vizimba vikiwa na watu wengi. Watu si wengi, mvua inanyesha. Akasema nisubiri isiponyesha.

23 Aprili

Sijui nianzie wapi, basi naanzia mwanzo.

Saa nne nilikuwa ukanda wa viatu nikipokea malalamiko ya paa kuvuja. Nikasikia kelele upande wa washonaji. Nilipofika nilimkuta mwalimu mmoja, mama wa makamo, ameshika mashati mengi mikononi. Mashati ya kwaya ya shule yake, meupe. Dada alikuwa ameyashona yote kwa uzi mwekundu. Kola, mifuko, pindo, matundu ya vifungo, kila mahali mistari myekundu, kama daftari lililosahihishwa na mwalimu mkali.

"Huu ni mzaha?" mwalimu alikuwa akisema. "Watoto wanaimba keshokutwa! Umenishonea mashati au umenichora?"

Washonaji walikuwa wametoka kwenye vizimba vyao. Wengine walicheka wakiwa wamefunika midomo, wengine hawakujisumbua kufunika. Mama Pindo alikuwa mbele.

"Mimi wiki iliyopita nilimsaidia kupangusa vumbi," alikuwa akieleza, "nikampangia na nyuzi zake vizuri, maana zilikuwa zimekaa ovyo, nyeupe imebanana na bluu. Nikaziweka kwa uzuri, za kung'aa huku, za giza huku. Sasa amekosaje kuona nyeupe?"

Alisema kwa wema. Nina hakika alisema kwa wema, na hilo ndilo linalonichosha zaidi.

Dada alikuwa ameketi. Alichukua shati moja, akapitisha kidole juu ya mshono, taratibu, mshono uliokuwa umenyooka kama wa kiwandani. Kisha akanishika mkono. Alijua nimefika, labda kwa viatu vyangu. Akanivuta chini na kuniuliza sikioni:

"Ni rangi gani?"

Nilimjibu, nyekundu. Akauachia mkono wangu.

Tunakaa nyumba moja. Tunakula sahani moja. Mchele alikuwa akiuchambua kwa vidole mbele yangu, sindano aliishika mbele yangu, ukuta aliupapasa mbele yangu, na mimi niliona kiburi cha mtu mkubwa na mapenzi ya uzeeni. Nimelia ofisini, chooni, halafu nikarudi nikaandika ripoti ya paa.

24 Aprili

Dada hakwenda kazini. Mashati nayafumua mimi. Nimeomba ruhusa, nimesema naumwa, na si uongo.

25 Aprili

Fundi saa amekuja nyumbani. Alisimama mlangoni, nikamkaribisha, akakaa ukingoni mwa kiti. Dada alikuwa chumbani, kajifungia.

"Afisa, yeye aliniapisha," alisema. "Lakini sasa kiapo kina maana gani."

Akanieleza. Mwaka wa tatu huu macho ya dada yanafifia, yanaanzia pembeni yanakuja katikati. Walikwenda hospitali pamoja. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, akampa dawa ya matone ya kushikilia kilichobaki. Kila asubuhi fundi saa alimtungia uzi kwenye mashine, akamtungia sindano za mkono na kuzichomeka kwenye mto, akamsomea rangi za vitambaa vilivyoletwa, akakagua kazi ya jana kwa ile lenzi yake. Kukata, kupima, kunyoosha, yote dada anafanya kwa vidole, na hakosei. Kinachomshinda ni uzi na rangi tu; uzi akiwa peke yake huutunga kwa ulimi, kwa taabu, lakini rangi hawezi kabisa.

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Alisema wewe umechoka. Alisema ukitoka kazini unakaa kwenye kochi na viatu, hata kuvua huwezi. Hakutaka kukuongezea."

Nilivitazama viatu vyangu mlangoni.

"Na wewe, fundi? Wewe unapata nini?"

Akatabasamu. "Nani anatengeneza saa siku hizi, afisa? Watu wanatazama simu. Wiki inapita sijafungua hata moja. Kazi niliyobaki nayo ni ile ya asubuhi. Ile naifanya vizuri."

Nilimtengenezea chai. Nilimpa kikombe cha dada.

29 Aprili

Nimekwenda kwa Mkuu. Nimemwomba kizimba kimoja tu, kimoja kati ya vyote, kiruhusiwe fani mbili. Nimemweleza sababu. Alisikitika, namsifu kwa hilo, hata kalamu aliiweka chini.

"Nikimruhusu mmoja, kesho wa viatu atataka kukaa na shemeji yake, keshokutwa muuza karanga naye. Wageni wanakuja kuona kanda. Hicho ndicho tulichowaandikia."

"Basi dada yangu atakaa nyumbani."

"Hapana, hapana. Kizimba kitupu kitaonekana vibaya. Kama kufikia siku ya wageni hajarudi, nitampa mwingine." Akafikiri. "Lakini anaweza kuja siku hiyo akakaa tu mbele ya mashine. Si lazima ashone."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimerudi kwenye meza yangu nikakaa na viatu vyangu.

30 Aprili

Nimemwambia dada alichosema Mkuu, neno kwa neno. Akasema, "Akae yeye mbele ya mashine, mimi nitampiga picha."

Ndilo neno lake la kwanza la utani tangu yale mashati. Halafu akarudi chumbani.

6 Mei

Mvua usiku na mchana. Mtaro umejaa, ukanda wa saa umetengwa na sisi kwa siku mbili.

Dada anapungua. Hali chakula. Anakaa na mikono mapajani, na mikono yake haijui kukaa, inakunja pindo la kanga, inakunjua, inakunja.

10 Mei

Leo imewekwa mezani kwangu barua ya maombi ya kizimba. Mwombaji anaomba nafasi iliyo wazi katika kizimba cha pembeni, ukanda wa washonaji. Fani: ushonaji. Nilitazama jina nikatazama tena. Fundi saa.

Jioni nimemkuta nyumbani kwetu, kakaa kwenye mashine ya zamani ya dada, ile ya nyumbani, na dada amesimama nyuma yake, mikono ya dada juu ya mikono ya fundi.

"Usivute kitambaa," dada anamwambia. "Mashine inakula yenyewe. Wewe unaongoza tu."

"Naongoza."

"Unavuta! Nasikia unavuta."

Nilitaka kusema kwamba Mkuu hatakubali, kwamba lazima afanye jaribio, kwamba mimi ndiye afisa wa majaribio na nitaulizwa. Nikaenda jikoni nikapika. Dada amekula.

15 Mei

Mshono wa fundi saa unapita kitambaani kama mlevi anayetafuta kwao.

18 Mei

Bado. Lakini leo ameweza kuanzia na kumalizia kwenye kitambaa hicho hicho, dada anasema ni maendeleo. Ofisini kwetu neno hilo tunalitumia kwa mambo madogo kuliko haya.

21 Mei

Jaribio lilikuwa leo. Nilipanga tuwe wawili tu, mimi na yeye, nitazame pembeni, nisaini. Nilipofika kizimbani Mkuu alikuwa ameshafika, na mwavuli wake. Si mjinga. Alijua ni nani aliyekuja kumwombea nani.

"Endelea," alisema, "mimi natazama tu."

Dada aliketi kwenye stuli yake, mgongo umenyooka. Washonaji walijaa mlangoni. Nikampa fundi saa kipande cha kitambaa nikamwambia kama ninavyowaambia wote: kunja pindo, upande mmoja. Alivaa lenzi, akatunga uzi mara moja, hata Mkuu akaguna kwa kustaajabu. Kisha akakanyaga. Mashine ilikimbia, ikasimama, ikakimbia. Niliona midomo ya dada ikisema bila sauti, usivute, usivute.

Akamaliza. Akanipa. Sitaeleza pindo lile. Mkuu alinyoosha mkono nikampa.

"Hiki ni nini?"

Fundi saa alisema, "Ni pindo, mheshimiwa."

"Naona kilichotakiwa kuwa pindo." Mkuu akageuka mlangoni. "Mwenyekiti wa washonaji yuko wapi? Mama, njoo. Wewe ndiye mjuzi hapa. Niambie mbele ya watu hawa, huyu ni mshonaji?"

Mama Pindo akaja mbele. Tangu ile siku ya mashati hajaja kwetu wala sisi hatukumtafuta. Nilimwogopa. Kizimba cha dada ni cha pembeni, chenye mwanga na wateja wa kona, na wadogo zake Mama Pindo wawili wanangojea nafasi. Alikichukua kitambaa akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma. Akaupita mshono kwa kidole, vile vile kama dada alivyofanya, na alipokuwa anaupita alikuwa akimtazama dada.

"Ni mshonaji," alisema.

"Mama, tazama vizuri."

"Nimetazama. Mbovu, lakini ni mshonaji. Kama ukanda huu ni wa wazuri peke yao niambie, maana wabovu ninao wengi na wengine wamesimama hapo mlangoni. Niwataje?"

Mlango ukapungua watu ghafla. Mkuu alisimama akiwa na kitambaa mkononi, mvua inapiga paa juu yetu, na mimi nikamwekea karatasi mbele na kalamu juu yake. Nilikuwa nimeshasaini. Alinitazama sana. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka, nikauonea huruma, naujua uso ule. Akasaini.

22 Mei

Nimelala mchana kutwa. Jumatano, siku ya kazi. Sijaomba hata ruhusa.

28 Mei

Wageni wamekuja. Tulisimama tangu saa mbili, mimi na vibao vyangu, mafundi kila mtu mbele ya kizimba chake. Walifika mchana, mvua ikafika nao. Magari matatu yalipita polepole katikati ya kanda, vioo vimepandishwa, mtu mmoja kwenye gari la pili akatupungia mkono. Yakageuka mwisho wa barabara, yakaondoka. Mkuu alibaki ameshika hotuba yake ndani ya mfuko wa plastiki. Nikampeleka kwenye kizimba kimoja cha ukanda wa viatu, kisichovuja sana, nikampa kiti.

Nilipita kwa dada kabla ya kurudi nyumbani. Washonaji wote walikuwa wamejazana humo kwa sababu ya mvua, na wote wanasema kwa pamoja, wanabishana aliyepunga mkono alikuwa mwanamume au mwanamke. Fundi saa alikuwa amekaa nyuma ya mashine yake, ile ya zamani ya dada, ameigeuza kuwa meza, juu yake saa ya mtu imefunguliwa vipande vipande. Dada alikuwa akishona.

"Mwanamke, tena ana miwani," alisema mmoja. "Dada, si ulikuwa mlangoni? Ulimwona?"

 Aliyeuliza alijiziba mdomo.

"Mimi nione nini?" dada alisema kwa sauti, wasikie hadi wa mlangoni, wala mguu haukutoka kwenye mashine. "Muulizeni anayeona."

Aliyecheka kwanza ni fundi saa. Halafu wote, na mimi. Dada alimaliza mshono, akakata, akanyoosha mkono akaomba uzi wa bluu. Fundi saa akawa anapapasa shingoni kutafuta lenzi, na kabla hajaipata Mama Pindo alikuwa ameshainama kwenye mashine ya dada, anamtungia.